Beseni la Mama Ida

Watu husema hasira hasara. Waliosema hivyo hawakumjua Ida Mligo wa Mfaranyaki, ambaye hasira moja aliitunza miaka mitano kama mbegu ya mahindi juu ya moshi wa jiko, na msimu ulipofika akaipanda na ikaota. Mimi Halima nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na nitasimulia bila kujifanya kwamba sikufurahi. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe akipenda.

Tulikuwa tukikaa meza moja kwenye ghala la tumbaku hapa Songea, kazi yetu kupanga majani kwa madaraja. Ushirika ulikuwa umeyumba, wanunuzi binafsi wameruhusiwa, na kampuni iliyotuajiri ilikuwa changa bado, hata rangi ya ofisi ilikuwa haijakauka. Ida alikuwa bingwa. Alilishika jani, akalipitisha vidoleni mara moja, akalitupa kwenye fungu lake, na mkaguzi akija na miwani yake hakuona cha kuhamisha.

Alikuwa Mbena wa Njombe, aliyeletwa Songea na ndoa. Mume alifariki mapema akamwachia nyumba ya vyumba viwili na saa ya ukutani. Mimi ni Myao wa Tunduru, kwa hiyo mambo ya Wabena na Wangoni niliyatazama kwa pembeni. Wale ni watani tangu mababu zao walipomaliza kupigana. Mbena anaweza kumwambia Mngoni neno lolote, hata msibani, hata mbele ya mkwe, na Mngoni naye vivyo hivyo. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Na Mngoni akiwa na sherehe, mtani wake akakalia kiti chake au kuziba mlango, hatoki mpaka alipwe anachotaka. Msimamizi wetu, Hironimus Ngonyani, alikuwa Mngoni. Siku nzima yeye na Ida walitukanana huku wakicheka, nasi tukafanya kazi bila kuona saa zikienda.

Sasa, moyo wa Ida. Tangu alipofika miaka arobaini moyo ule ulikuwa haupigi kwa mpangilio. Ulikwenda vizuri, halafu ghafla ukaharakisha, ukaruka, ukasimama kidogo, ukaharakisha tena. Mwenyewe alisema, "Moyo wangu unaruka foleni," na sisi tuliosimama kwenye foleni za sukari na sabuni miaka ile ya shida tulimwelewa mara moja. Daktari wa Peramiho alimpa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila asubuhi, akamfundisha kuweka vidole kwenye mkono na kuhesabu mapigo kwa saa. Ida alihesabu, alimeza, akaja kazini. Hakuwahi kuchelewa.

Mei Mosi ya mwaka tisini na nne akatangazwa mfanyakazi bora. Zamani mfanyakazi bora alipewa mabati au baiskeli. Meneja wetu mpya akasema enzi za mabati zimepita, sasa mtu akifanya kazi vizuri apumzike kama wanavyopumzika wenzetu wa nje. Zawadi ilikuwa likizo ya melini, kutoka Mbamba Bay kupanda na Ziwa Nyasa hadi Itungi na kurudi, chumba cha daraja la kwanza, chakula cha kuletewa.

Tulicheka. Mtu apumzike juu ya maji, kwani nchi kavu imejaa? Lakini nilimtazama Ida nikaona hacheki. Alikuwa hajawahi kuona ziwa maishani mwake. Tangu afiwe na mume hakuwahi kulala nje ya Songea ila kwa misiba. Aliitaka ile safari, na jinsi alivyoitaka ilionekana usoni mwake.

Kwa sababu ya moyo, ofisi ikataka barua ya daktari. Ida akapanda basi dogo hadi Peramiho, akarudi jioni na bahasha. Alinieleza yote tukiwa njiani kwenda nyumbani. Daktari amemruhusu. Vidonge asikose hata siku moja, abebe vya ziada. Anywe maji ya kutosha. Alale kitanda cha chini, asipande ngazi za vitanda. Ulanzi, pombe ya mianzi, asiuguse. Moyo ukiruka, akae chini, ahesabu, asubiri.

"Na kingine?" nikamuuliza, maana alikuwa anatabasamu.

"Amesema meli haitaniua. Amesema nisibebe hasira tu."

Asubuhi akamkabidhi Hironimus ile bahasha aipeleke ofisini. Niliona kwa macho yangu. Hironimus akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kijivu, akaupiga mfuko kwa kiganja.

Siku tatu baadaye tukaitwa mkutanoni. Hironimus akasimama mbele ya meneja na sisi wote. "Mtani wangu huyu Mbena anatudanganya," akasema. "Barua hana. Daktari gani amruhusu? Moyo wa Mbena umezoea baridi na ulanzi, ukiona wimbi moja utaruka mpaka Malawi. Mimi nimejitolea kwenda badala yake, nisije nikatumwa kuutafuta na nyavu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Meneja, ambaye alikuwa mgeni wa mambo yetu, akacheka kwa kuwa wengine wanacheka. Ida akafungua mdomo. Niliona anatafuta neno. Lakini angesema nini? Jambo lilisemwa kwa utani, na mtani hakasiriki. Angelia, angeambiwa mbona huyu kawa mtoto. Angesema barua alimkabidhi huyohuyo, angeulizwa iko wapi, na hata kama mimi ningeshuhudia wangesema ni utani tu. Akafunga mdomo, akacheka na yeye. Kile kicheko ndicho ambacho sikumsamehe Hironimus.

Akaenda. Akarudi wiki iliyofuata amenenepa kwa maneno, akamletea Ida kifurushi cha usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, kilichofungwa kwa gazeti. "Nimekuletea ziwa lenyewe," akasema.

Hayo yangeishia hapo, labda Ida angesahau. Lakini mtu akishatangazwa mgonjwa hadharani, kila mtu humfanyia ugonjwa. Walimwondoa meza ya madaraja, eti vumbi litamdhuru, wakampa kushona magunia. Kwaya ya parokia wakamnyang'anya sehemu ya kuimba peke yake. Watu walimpokonya ndoo ya maji njiani na kumtazama kwa huruma, na wengine walinong'ona kwamba pamoja na ugonjwa ni mwongo. Hironimus naye kila Jumamosi kwenye kilabu cha ulanzi alisimulia safari yake. Nahodha alimwita kuangalia usukani. Mawimbi yalifika dirishani. Na kila mara alimalizia, "Hapo Ida angekuwa marehemu."

Mke wake, Oliva, alikuwa jumuiya moja na Ida. Ida aliniambia kwamba wakati wa kutakiana amani Oliva alimpa mkono akitazama chini. Tulidhani ni maringo.

Ule usipa Ida hakuula. Aliutundika ukutani jikoni, kwenye msumari, juu ya meko. Siku moja nikamwambia autupe, umeshakuwa mweusi.

"Huo si wa kula," akasema. "Nikiusahau huo, nimemsamehe. Na sijamsamehe."

Mwaka tisini na tisa, baada ya mavuno, akauza mahindi yake ya msimu mzima, akaenda Peramiho akapimwa upya, akaja kwangu na habari. "Nakwenda melini. Unanisindikiza au unabaki kushona magunia?"

Njia ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ilikuwa ya kuua wenye mioyo mizima. Gari liliteremka milima kwa kona baada ya kona, na mimi nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Ida alikaa na chupa yake ya maji mapajani, akichungulia bonde. Tulipofika, tukaona meli imetia nanga na watu wanapelekwa kwa mashua, moyo wake ukaanza. Nilijua kwa jinsi alivyonyamaza. Akakaa juu ya gunia la mchele la mtu, akaweka vidole mkononi, akaitazama saa yangu. Mwenye gunia akataka kusema, nikamkata jicho. Tulikaa hivyo mpaka mashua mbili zikaenda na kurudi. Kisha Ida akanywa maji, akasimama. "Umerudi kwenye mstari," akasema. "Twende."

Sijui niseme nini juu ya ile likizo ila kwamba Ida alizaliwa upya. Chumba kilikuwa kidogo, vitanda viwili, yeye chini mimi juu. Asubuhi aliletewa chai kwenye kikombe chenye kisahani akaitazama chai ile kana kwamba imeandikwa jina lake. Alikaa kwenye kiti cha nje, kanga mabegani, milima upande mmoja na maji kila upande mwingine, akala samaki aina ya mbasa na ugali mpaka miiba ikabaki safi. Upepo wa mwera ulipovuma na meli ikaanza kwenda mrama, aliyetapika ni mimi. Ida ndiye aliyenishika kichwa.

"Halima," akasema, "kati yetu mwenye moyo mbovu ni nani?"

Aliyetuletea beseni siku ile alikuwa mhudumu mmoja mtu mzima, jina lake Kassimu, Mnyasa mpole, mwenye mvi masharubuni tu. Alipokuja kulichukua akauliza kwa adabu tumetoka wapi. Ida akasema Songea, kampuni ya tumbaku. Jina lake Ida Mligo.

Kassimu akaliweka beseni chini. "Ida Mligo," akasema. "Mama, mbona huyo tumeshasafiri naye? Na alikuwa mwanamume."

"Mwanamume gani?" nikauliza.

"Miaka kama mitano imepita," akasema. "Chumba hikihiki. Tiketi ilikuja na jina la Ida Mligo, mfanyakazi bora, tukasema anakuja mama. Akaja bwana mmoja mwenye koti la kijivu. Meli haijaondoka, ameshashika kifua. Akatoa barua ya daktari, anasema yeye mgonjwa wa moyo, apewe kitanda cha chini na mtu wa kumwangalia. Nikaisoma. Imeandikwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, anaruhusiwa kusafiri, hana tatizo akimeza dawa." Akacheka kidogo, akajizuia. "Basi sisi tukamwita Mama Ida. Alilia, mama. Alimwita mama yake mzazi. Beseni hili ndilo alilokumbatia. Tulipofika Liuli, bandari ya kwanza tu, akashuka, hakurudi melini. Nasikia alikaa hapo mpaka akapata gari la kumrudisha."

Nilitaka kucheka, lakini Ida hakucheka. Alikuwa ameweka vidole mkononi, anahesabu. Nikakumbuka maneno ya daktari juu ya hasira nikaogopa kweli. Alihesabu muda mrefu.

"Kwa hiyo aliisoma," akasema mwishowe. "Aliijua imeniruhusu. Akaikalia." Halafu akamgeukia Kassimu. "Kaka, beseni hilo naweza kulipata?"

Kassimu akasema la meli haliuzwi, lakini hilo limebanduka rangi na lilikuwa litupwe, na kama mama amelipenda alichukue kwa hisani yake. Ndivyo lilivyopanda milima ya Mbinga nasi, limefungwa kwenye kanga.

Ida aliniapisha nisiseme kwa mtu. Nilinyamaza miezi minne, na mimi si mtu wa kunyamaza, nilivimba mpaka baba watoto akauliza kama naumwa. Kila siku Ida alishona magunia. Kila Jumamosi Hironimus alimwita nahodha shahidi.

Desemba ikatangazwa kanisani jubilei ya ndoa ya Hironimus na Oliva, miaka ishirini na mitano. Turubai likafungwa uani kwao, Bombambili. Meneja alialikwa. Kwaya ilialikwa. Mbuzi walichinjwa na jirani yetu aitwaye Jumanne ili sisi Waislamu tule bila wasiwasi. Viti viwili vya maharusi vilipambwa kwa vitambaa vyeupe na maua ya karatasi, na msafara wa maharusi ulipotoka kanisani kwa matarumbeta, wakamkuta Ida amekaa kwenye kiti cha bwana harusi, beseni mapajani.

Shangwe ikalipuka. Kila mtu alijua maana yake. Mtani amekamata kiti, mtani alipwe. Hironimus katika suti yake akacheka kwa sauti kubwa, akafurahi, maana sherehe isiyo na mtani imepooza.

"Kamwene, Mama Ida," Ida akamsalimia.

Watu wakacheka bila kuelewa. Hironimus akapunguza meno.

"Mtani, toka kitini, mbuzi anapoa," akasema. Akaagiza kreti ya soda iletwe. Ida akatikisa kichwa. Akaagiza kuku, kuku mzima wa kienyeji, akawekwa miguuni pa Ida akiwa amefungwa. Ida akatikisa kichwa. Akatoa noti, akaibandika kwenye paji la uso wa Ida kama tunavyotunza. Ida akaibandua taratibu, akairudisha kwenye mfuko wa suti yake.

"Mimi mtani wako sina tamaa," akasema, na sauti yake ya kwaya ikafika mpaka jikoni. "Nimekuletea zawadi. Beseni lako ulilisahau melini. Kassimu anakusalimu. Anauliza kama ulishapata gari la kutoka Liuli au bado unasubiri."

Akasimulia. Alisimulia yote, kitini, mikono juu ya beseni, na alisimulia kwa utani, neno kwa neno, kifua kilivyoshikwa, mama alivyoitwa, jina walilompa. Watu walianguka. Mzee mmoja wa kilabu cha ulanzi alilia machozi akisema, "Na nahodha je? Na usukani?" Hironimus alicheka. Alilazimika. Nilimtazama usoni, mdomo unacheka na shingo imekakamaa, nikakumbuka mdomo mwingine uliocheka hivyo mbele ya mkutano, na nafsi yangu ikashiba.

"Sasa malipo," Ida akasema, na watu wakatulia wapate kusikia kinachofuata. "Nataka barua yangu ya daktari. Ukinipa, natoka kitini."

"Hakuna barua," Hironimus akasema, bado anacheka. "Jamani, huo ni utani tu."

"Basi sitoki."

Matarumbeta yalikuwa yamenyamaza. Nikaona mkono wa Ida umeshika mwingine, vidole viwili juu ya mshipa, chini ya ukingo wa beseni pasipoonekana. Moyo ulikuwa unaruka. Nikasema moyoni, ee Mola, asianguke sasa, asimpe huyu neno la kusema.

Hapo Oliva akasogea. Alikuwa amevaa gauni jeupe na taji la maua. Hakumtazama mumewe. Aliingia ndani, tukasikia sanduku la bati linafunguliwa, akatoka na bahasha iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Akaiweka ndani ya beseni.

"Niliikuta nilipofua koti," akasema. "Nimechoka kuilinda."

Meneja ndiye aliyeichukua. Akaisoma kwanza kimya, kisha akamtazama Hironimus, kisha akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, na tarehe. Hakuna aliyecheka tena. Hironimus alisema, "Mtani..." Ida akasimama, akachukua barua yake, akamwachia beseni juu ya kiti. Akaenda kwenye foleni ya chakula akachukua sahani. Watu wakampisha mbele. Akakataa, akasubiri zamu yake, akala nyama na akaongeza.

Usiku huo nililala kwake, kwa sababu moyo ulichelewa kutulia. Asubuhi tukiwa jikoni Hironimus akabisha hodi. Alisimama mlangoni bila koti.

"Dada Ida," akasema. Hakuwahi kumwita dada. "Nimekuja tusameheane. Umenipiga na mimi nilikupiga. Utani ndivyo ulivyo, unaisha na tunabaki ndugu."

"Karibu kiti," Ida akasema. Akamwachia akae. "Wewe ulitaka safari yangu, ungeniomba, labda ningekupa. Uliiba, halafu ukajificha ndani ya utani kwa sababu ulijua humo sina pa kukushika. Ndiyo maana nami nilikufuata humohumo. Sasa nimemaliza. Kuanzia leo mimi si mtani wako. Ukisema neno juu yangu nitakasirika, na nitakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa kama mtu yeyote."

Hironimus alishtuka kuliko jana. "Hayo hayavunjwi," akasema. "Ni ya mababu. Nikifa, nani wa kunitania kaburini?"

"Wabena wapo wengi. Tafuta mwingine."

Akanyoosha mkono, akautungua ule usipa kwenye msumari, akaupangusa masizi kwa upindo wa kanga, akampa. Hironimus akaupokea. Sidhani alijua afanye nini kingine. Ida akameza kidonge chake, akaweka vidole mkononi, akaitazama saa ya ukutani.

Mimi nilisimama mlangoni nimwone Hironimus akienda. Alishuka barabara ya Mfaranyaki na kifurushi chake, watu wanatoka kwenda kazini na sokoni, kila mmoja anamwamkia kwa heshima zote, na yeye hana budi kuitikia.

"Habari za asubuhi, Mama Ida."

"Nzuri."